Namna ya kupima mwenyewe kama kitu kinaoza kweli, kwa wenzangu wa Unguja na Pemba

Siku hizi kila kitu kinauzwa kimeandikwa kinaoza. Mifuko, vikombe, mirija, hata sahani za kwenye mahoteli ya pwani, vyote vimechorwa kijani cha jani na maneno ya Kizungu chini yake. Sisi Zanzibar mifuko ya plastiki tumeipiga marufuku tokea 2006, miaka mingi kabla ya Bara ambao walifika hapo 2019, kwa hiyo mtu akija na mfuko wake akasema huu hauna tabu unaoza, una haki ya kumuuliza unaoza wapi, kwa muda gani, na nani kapima. Na kama hana jibu basi upime mwenyewe, sio kazi ngumu, inataka subira na daftari tu. Mwalimu wa skuli anaweza kufanya na wanafunzi, mkulima wa mwani anaweza, mama mwenye bustani nyuma ya nyumba anaweza.

Kabla hujachimba shimo lolote lielewe hili moja, mana wengi hukosea hapa hapa: kitu kupotea machoni sio kuoza. Kuoza kweli ni pale bakteria na kuvu wanapokula kile kitu, wakakigeuza hewa ya kaboni dayoksaidi na maji na miili yao wenyewe. Plastiki ikikaa juani mwaka mzima inakauka, inakatikakatika, ukiishika inakuwa unga, upepo wa kusi ukija unaupeperusha na wewe unasema imeoza, kumbe ipo yote, imekuwa vipande vidogo tu vinavyoingia kwenye mchanga na kwenye matumbo ya samaki. Jua ndilo lililovunja, hakuna mdudu aliyekula kitu.

Wataalamu wawili wa chuo kikuu cha Plymouth kule Uingereza, Imogen Napper na Richard Thompson, walitoa utafiti wao 2019 ambao mimi naona kila muuza mifuko asomeshwe. Walichukua mifuko ya aina tano, mengine imeandikwa inaoza, mwengine ni plastiki ya kawaida, wakaiweka sehemu tatu, hewani, ardhini na baharini, wakasubiri miaka mitatu. Ule ulioandikwa unaoza, baada ya miaka mitatu ardhini na baharini bado ulibeba vitu vya dukani bila kuchanika. Ile iliyoning'inizwa hewani yote ilikuwa imeshakatika vipande ndani ya miezi tisa. Na mfuko mmoja wa kutengenezea mboji ulipotea baharini ndani ya miezi mitatu, lakini ule ule mfuko ardhini ulikuwa bado upo baada ya miezi 27, umedhoofika tu hauwezi kubeba kitu. Kitu kimoja, sehemu mbili, majibu mawili. Kwa hiyo ukiulizwa hichi kinaoza au hakiozi, swali lenyewe bado halijakamilika mpaka useme wapi.

Hili la wapi sisi tunalo mbele ya macho yetu miaka yote. Nenda pwani yoyote ambayo akina mama wanafanya kazi ya makumbi, utaona wamechimba mashimo kwenye tope pale maji yanapokupwa na kujaa, wamefukia makumbi ya nazi, wamekandamiza mawe juu, na yanakaa humo miezi. Ule ni utafiti wa kuoza wenyewe hasa. Tope lile halina oksijeni, ukilifukua ni jeusi na lina ile harufu ya yai viza, na bakteria wanaoishi bila hewa wanakula ile nyama laini inayoshikilia nyuzi pamoja. Nyuzi zenyewe hawaziwezi kirahisi, mana zina ligini nyingi, ndiyo ile inayoupa mti ugumu wake, na ligini bila oksijeni inaoza taratibu mno. Ndo mana wakiyafukua wakayapiga kwa rungu, ule unga laini unaondoka na usumba unabaki mikononi mzima, tayari kusokotwa kamba. Kumbi hilo hilo ungelitupa juu ya jaa lenye hewa na mvua, kuvu wangelianza na nyuzi pia.

Sasa tuje kwenye kazi.

Unahitaji mizani, chandarua kuukuu, mshipi wa kuvulia, sindano, daftari, na vitu unavyotaka kuvipima. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja haitoshi, tafuta ile ndogo kama wanayotumia masonara inayosoma nukta mbili baada ya gramu. Kama huna azima, kazi ya kupima ni siku chache tu.

Chandarua ni kwa ajili ya vifuko. Kata ushone vifuko vya ukubwa wa kiganja, na ushone kwa mshipi wa nailoni, sio uzi wa pamba, mana uzi wa pamba nao ni chakula, utaoza kabla ya kitu ulichokifukia na kifuko kitafunguka ardhini na wewe utadhani majani yameoza yote. Chandarua cha poliesta hakiozi ndani ya muda wako, na vitundu vyake vinaingiza maji, bakteria, kuvu na vidudu vidogo ila vinawazuia nyungunyungu na majongoo. Ukitaka kujua wadudu wakubwa wanachangia kiasi gani fanya aina mbili, vifuko vya chandarua na vifuko vya wavu wa kuvulia wenye macho makubwa, tofauti baina yao ndiyo kazi ya wadudu. Mchwa ukimkuta kwenye kifuko mwandike, usimfukuze ukanyamaza.

Kila kifuko kina namba yake. Karatasi itaoza, wino wa maka utafutika, kwa hiyo kata vipande vya dumu la mafuta ya kupikia, chora namba kwa msumari, utie kipande ndani ya kifuko. Kipime uzito wake kwanza au kitoe wakati wa kupima.

Vitu gani upime? Hapa usiwe na pupa. Chukua vitatu: kimoja unachojua kinaoza haraka, kimoja unachojua hakiozi haraka, na kile chenye mgogoro. Mathalan majani makavu ya mwembe, kipande cha mfuko wa plastiki wa kawaida, na kipande cha huo mfuko unaodaiwa unaoza. Kile cha kwanza kinakuonesha kama udongo wako uko hai, mana kama majani yenyewe hayajaoza basi tatizo ni udongo au ukame, usiulaumu mfuko. Kile cha pili kinakuonesha ni kiasi gani cha uzito kinapotea kwa kuchezewa tu. Kila kitu ufanye vifuko vitatu vitatu kwa kila mara utakayofukua, na ukifukua mara nne, yaani wiki ya 2, ya 4, ya 8 na ya 12, basi vitu vitatu mara vifuko vitatu mara nne ni vifuko 36. Kifuko kimoja pekee hakikwambii kitu, kinaweza kuwa kimeangukia kwenye mzizi au kwenye njia ya sisimizi. Ongeza vyengine vitatu vya majani ambavyo utavipeleka shambani, utavifukia, halafu utavifukua papo hapo na kurudi navyo nyumbani kuvipima tena, hivyo ndivyo vinavyokwambia safari na mikono yako imepoteza gramu ngapi.

Kwa mwenye haraka kuna njia ambayo watafiti wa Ulaya waliichapisha 2013, wao wanatumia majani ya chai ya vifuko, chai ya kijani na ile nyekundu ya Afrika Kusini inayoitwa roibosi, wanavifukia sentimita 8 chini kwa miezi mitatu hivi. Chai ya kijani inaoza mbio, roibosi taratibu, na kwa kuwa kila mtu duniani anatumia kitu kile kile basi udongo wa nchi mbalimbali unaweza kulinganishwa. Ni njia nzuri kwa skuli, ila angalia kifuko chenyewe kiwe cha nailoni au kitu kisichooza, vile vya karatasi haviwezi.

Kukausha ndiko kunakoharibu tafiti nyingi, khasa kwetu sisi tunaokaa kisiwani hewa imejaa unyevu mwaka mzima. Jani unaloliona kavu bado lina maji ndani yake, na maji yale leo yako hivi kesho yako vyengine, ukipima asubuhi ya masika na ukapima tena mchana wa kaskazi utapata tofauti ambayo haina uhusiano wowote na kuoza. Maabara wanakausha kwenye oveni ya nyuzi 60 mpaka 70 mpaka uzito usimame. Wewe kama huna oveni inayoweza kukaa kwenye nyuzi hizo anika juani juu ya bati safi, umefunika kwa chandarua kuku wasipekue, mchana pima, kesho mchana pima, mpaka upate namba ile ile mara mbili mfululizo. Ukivitoa juani vitie kwenye kopo lenye mfuniko unaobana mpaka vipoe ndo upime, mana vikipoa nje vinanyonya unyevu pale pale. Vya plastiki anika kivulini penye upepo, usivianike juani, utakuwa umeshaanza kuvivunja kabla ya mtihani. Kila kitu kikaushwe hivo hivo kabla ya kufukiwa na baada ya kufukuliwa, njia iwe moja.

Kufukia sasa. Chagua sehemu ambayo maji hayatuami na watoto hawachezi, muombe ruhusa mwenye kiwanja, na kama ni pwani mwambie sheha na uwaulize wale akina mama wenye mashimo yao ya makumbi wakuoneshe pa kuweka, usiende kuwachimbulia. Kina kiwe sentimita 8 mpaka 10 kila mahali. Kama unaweza fanya sehemu mbili zenye udongo tofauti, moja kichanga na moja kinongo, ule udongo mwekundu, au kinamo, yaani udongo unaonata, kwa wenye mabonde ya mpunga. Kinamo mvua ikijaa hewa inatoka na kuoza kunapunguza mwendo, kichanga kinakauka haraka na kikikauka vijidudu vinalala. Kwa hiyo ukianza kabla ya masika tu utaona mambo yanakwenda mbio, ukianza kiangazi utasubiri sana, na hayo yote ni majibu halali madamu umeandika mvua ilinyesha siku gani. Joto nalo, kwa kawaida likipanda nyuzi kumi basi kuoza kunakaribia kwenda mara mbili ya mwanzo, mpaka lifike kiwango ambacho vijidudu haviwezi tena.

Na hapo kwenye joto ndipo penye hila ya zile bidhaa za mahoteli. Kipimo maarufu cha Ulaya cha vifungashio vya mboji, EN 13432, kinataka asilimia 90 ya kaboni igeuke hewa ndani ya miezi sita, lakini hapo inazungumzwa mboji ya kiwandani ambayo inachemka karibu nyuzi 58. Kikombe cha plastiki ya mahindi kikitiwa humo kinakwisha kweli. Mchanga wa Nungwi au shamba la Wete haufiki huko, kwa hiyo kikombe hicho hicho kikifukiwa huku kitakaa sana. Aliyekiandika hakusema uongo, ila hakukwambia kuwa alikuwa anazungumzia mtambo ambao wewe huna.

Ukifika muda wako wa kufukua toa vifuko taratibu, usivute kwa mshipi, chimba pembeni uinue na udongo wake. Nyumbani fungua juu ya karatasi nyeupe, piga picha, mizizi iliyoingia itoe, mchanga uuondoe kwa brashi laini ya meno. Vilivyotoka baharini suuza kwa maji baridi ya kawaida mara mbili tatu, chumvi ina uzito na itakuharibia hesabu. Kausha, pima, andika pale pale.

Hesabu ni nyepesi. Tuseme majani yalikuwa gramu 10 na baada ya wiki nne ni gramu 6.2, basi yamepoteza gramu 3.8, yaani asilimia 38. Lakini kuoza hakuendi kwa kiwango sawa kila wiki, mwanzo ni mbio mana sukari na vitu laini vinaliwa kwanza, halafu kunabaki vigumu. Kwa hiyo wanasayansi wanatafuta kasi: gawa uzito wa mwanzo kwa uzito uliobaki, 10 kwa 6.2 ni kama 1.61, kwenye kikokotoo cha simu bonyeza ln upate 0.478, gawa kwa wiki nne, unapata karibu 0.12 kwa wiki. Ukichukua 0.693 ukagawa kwa hiyo 0.12 unapata wiki sita kasoro kidogo, ndo muda wa majani hayo kufika nusu. Sasa unaweza kulinganisha mwembe na mkarafuu, Chake na Kizimbani, bila ya maneno mengi.

Uzito peke yake haukwambii yote. Kitambaa kinaweza kuwa kimepoteza asilimia tano tu na ukikivuta kinachanika, na plastiki iliyopigwa na jua inaweza isipoteze uzito kabisa lakini inavunjika kama biskuti. Kwa hiyo pima na nguvu. Kata vipande vya kitambaa cha pamba vyenye upana mmoja, sentimita mbili na nusu hivi, vyote vielekee upande mmoja wa uzi. Bana ncha ya juu baina ya vibao viwili kwa skrubu, na ncha ya chini vile vile, usipige fundo mana fundo lenyewe linakata. Chini ning'iniza ndoo tupu, halafu mimina maji kwa chupa unayojua ujazo wake, polepole, mpaka kikatike. Lita moja ni kilo moja, ongeza uzito wa ndoo na vibao, hiyo ndiyo nguvu. Weka godoro au mchanga chini na usimame pembeni. Fanya kwa kitambaa kipya kwanza, halafu kwa kilichofukuliwa, ukiona kipya kimebeba kilo 20 na cha wiki nne kimekatikia kilo 5 umeshapata habari ambayo mizani isingekupa.

Kipimo hichi cha ndoo nakipendekeza sana kwa wakulima wa mwani. Kilimo hiki kimeanza Paje 1989 na tokea hapo taitai za plastiki, vile vikamba vya kufungia mwani, zinafungwa na kufunguka kila bamvua, zikikatika zinakwenda na maji. Chukua taitai mpya, uzi wa usumba, na uzi wa pamba, funga nyingi za kila aina kwenye kamba ya shamba lako, nyengine zipigiliwe chini kabisa mchangani zisipate jua. Kila bamvua toa tano tano za kila aina upime kwa ndoo. Utajua usumba unavumilia mavuno mangapi, na utaona plastiki iliyo juu juani inavyopoteza nguvu mbele ya ile iliyofichwa. Ikiwa uzi wa usumba unafika mpaka mwani kukomaa basi hoja ya kununua taitai inabidi iangaliwe upya, na hoja hiyo itakuwa na namba za mkulima mwenyewe.

Imebaki ile ya kuthibitisha kuwa kitu kimeliwa na sio kimepotea, nayo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Chukua mitungi miwili ya kioo yenye mifuniko inayobana. Yote miwili tia udongo wa shamba kiasi kimoja, wenye unyevu wa kushikana ukiukamata bila ya kutoa maji. Usitumie mchanga wa pwani, wenyewe ni matumbawe na utachanganya mambo. Mmoja changanya na kitu chako kilichokatwa vipande vidogo, mwengine uache udongo mtupu. Halafu koroga chokaa kwenye maji, acha itulie usiku kucha, chota yale maji maangavu ya juu, tia kwenye vikombe viwili vidogo uvisimamishe ndani ya mitungi, funga. Kaboni dayoksaidi ikitoka, maji ya chokaa yanakuwa meupe kama maziwa na yanafanya utando. Mitungi yote miwili itafanya hivo, udongo wenyewe unapumua, lakini kama kitu chako kinaliwa basi mtungi wake utatangulia na utando wake utakuwa mzito zaidi. Maji haya ni dhaifu, lita nzima inabeba chini ya gramu mbili za chokaa, kwa hiyo badilisha kila siku mbili, na kufungua huko kunaingiza hewa mpya pia. Kabla ya kuanza jaribu chokaa yako, puliza kwa mrija kwenye kikombe kidogo, kama haiwi nyeupe imeshazeeka dukani, tafuta nyengine. Usivute kwa mdomo na isiguse macho.

Kama unataka namba, ule utando uuchuje, ukaushe, uupime, kila gramu moja ni gramu 0.44 za kaboni dayoksaidi, toa za ule mtungi wa udongo mtupu, zinazobaki ndizo zilizotoka kwenye kitu chako. Plastiki ya kawaida utakuta mitungi yote iko sawasawa wiki baada ya wiki. Wale Wajapani waliotangaza 2016 bakteria anayekula plastiki ya chupa za maji walipata jambo kubwa kweli, lakini ilikuwa filamu nyembamba, maabara, nyuzi 30, na ilichukua wiki kama sita, kwa hiyo ukiletewa ile meseji ya kuwa tatizo la chupa limekwisha usiipeleke mbele.

Misumari na mabati hayapimwi hivi, chuma kikishika kutu kinaongezeka uzito kwanza mana kinabeba oksijeni, lazima kutu itolewe kwa siki au ndimu ndo upime kilichobaki. Ukiweka misumari Malindi ya Unguja karibu na bahari na mengine Dunga, ndani ya kisiwa, utaiona kazi ya chumvi.

Mwisho hesabu vifuko. Ulivyofukia 36 na vile vitatu vya safari, vilivyorudi viwe vingapi? Chora ramani ya shimo tokea siku ya kwanza, pima hatua kutoka kwenye mti au jiwe lisilohama, piga picha, na vile ambavyo hukuvikuta rudi tena na jembe uvitafute mpaka uvipate, mana chandarua na mshipi ulioviacha huko havitaoza.